CT inaonyesha mshipa wa mkono wa kulia unapita nyuma ya umio. Je, ndio unaokwamisha chakula?

TabibuWilaya

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu mgonjwa aliyepo hapa hospitali ya wilaya, mama wa miaka 52. Kwa miezi kumi hivi nyama, chapati na ugali mkavu vinamkwama. Ukimuuliza wapi, anaweka kidole chini kidogo ya kile kishimo cha shingo. Uji, chai na supu vinapita bila taabu. Hatapiki chakula cha jana, hakohoi usiku, sauti ni ile ile. Uzito umeshuka kutoka kilo 61 hadi 56 ndani ya miezi mitano. Havuti, hanywi. Hemoglobini 11.8, presha 142/86.

Eksirei ya kifua ilionyesha kivuli kidogo upande wa juu, akapelekwa hospitali ya rufaa kwa CT scan. Majibu: mapafu safi, hakuna tezi zilizovimba, lakini ateri ya mkono wa kulia haitoki mahali pake. Inatoka mwisho kabisa wa upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni), upande wa kushoto, kisha inakatiza nyuma ya umio kwenda kulia. Mzizi wake umetanuka hadi milimita 19. Ripoti imefungwa kwa maneno "disfagia lusoria, aonwe na daktari wa upasuaji", yaani chakula kukwama kwa sababu ya mshipa uliopotea njia. OGD (kamera ya umio na tumbo) haijafanyika.

Ninachotaka kujua: hilo jibu linatosha kumpeleka upasuaji moja kwa moja? Kama halitoshi, kipi kifuate? Na wakati tunasubiri, ale nini, kwa maana kilo tano si mchezo.

---

PichaZaKifua

Daktari, CT imekuonyesha mshipa. Haijakuonyesha chakula kikikwama. Aliyeandika ripoti ameruka hatua, na hatua yenyewe ni kubwa.

Kwa kawaida upinde wa aota hutoa matawi matatu. La kwanza ni shina nene linalogawanyika kuwa ateri ya shingo ya kulia na ateri ya mkono wa kulia. La pili ni ateri ya shingo ya kushoto, la tatu ni ateri ya mkono wa kushoto. Kwa huyu mama utahesabu manne, maana lile shina nene halipo: shingo kulia, shingo kushoto, mkono kushoto, halafu mkono wa kulia unatoka wa mwisho. Kwa kuwa umezaliwa upande usio wake, lazima uvuke katikati ili ufike kwenye kwapa la kulia. Kwa watu wapatao wanane kati ya kumi wenye hali hii, mshipa hupita nyuma ya umio. Kwa wengine hupita kati ya umio na bomba la hewa, na kwa wachache sana mbele ya bomba la hewa. Chanzo ni kabla ya kuzaliwa, akiwa tumboni mwa mama yake: kipande cha upinde wa kulia kilichopaswa kubaki kimeyeyuka, na kile kilichopaswa kuyeyuka kikabaki.

Umbile hili linapatikana kwa takriban mtu mmoja katika kila mia, na wengi wao huzeeka na kufa bila kukwamwa hata na kipande kimoja cha nyama. Kwa hiyo ukiwapiga CT watu mia wenye saratani ya umio, mmoja hivi utamkuta na mshipa huu pia, na mshipa hautakuwa na hatia yoyote. Sisi tuko katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na inawapata hata wasiovuta wala kunywa. Mtu wa miaka 52, vigumu vinakwama, uzito unashuka: huyo ni wa OGD kwanza, hata kama CT yake ina mishipa kumi iliyopotea njia. CT ya kifua inaweza kabisa kupitwa na saratani changa ya utando wa umio.

OGD ikiwa safi, rudi kwangu kwa bariamu, ile dawa nyeupe ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei. Hapa ndipo kazi huharibika mara nyingi, kwa sababu watu wanamnywesha mgonjwa bariamu nyepesi, inateremka kama maji, wanaandika "kawaida". Bila shaka ni kawaida! Mgonjwa mwenyewe amekwambia vimiminika vinapita. Fanya hivi:

Mgonjwa asimame. Anza na mikupuo miwili mitatu ya bariamu nyepesi, piga picha ya mbele, ya ubavu na ya mshazari. Kisha mpe kigumu. Kidonge cha bariamu cha milimita 13 ndicho kizuri kwa kuwa ukubwa wake unajulikana. Kama hakipo, kata mkate mweupe vipande vya sentimita 2 kwa 2, vichovye kwenye bariamu nzito, atafune kama anavyotafuna nyumbani na ameze kimoja kimoja. Mwambie aseme "hapa" anapohisi kukwama, na wewe uangalie kwenye skrini wakati huo huo. Neno "hapa" likitoka wakati kipande kimesimama usawa wa pingili ya tatu au ya nne ya mgongo wa kifua, pale pale mshipa unapopita, umepata ushahidi. Likitoka wakati kipande kimeshapita hapo na kimekaa chini karibu na mlango wa tumbo, mshipa hauhusiki, tafuta mengine.

Alama yenyewe ya mshipa: kwenye picha ya mbele ni mfereji wa mshazari unaopanda kutoka kushoto-chini kwenda kulia-juu. Kwenye picha ya ubavu ni mbonyeo laini upande wa nyuma. Usichanganye na mbonyeo wa kawaida wa upinde wa aota, ambao kila mtu anao na hutokea upande wa kushoto na mbele. Kingo zikiwa na mikwaruzo au mabega, hiyo si alama ya mshipa. Saratani ndiyo huchora hivyo.

Jambo jingine uombe kwenye CT ile ile, bila kumpiga upya kama ilifanywa kwa dawa ya rangi na vipande vyembamba vya milimita 1 hivi: ateri mbili za shingo zinatoka pamoja au mbalimbali? Zikitoka kwenye shina moja, umio unabanwa mbele na shina hilo na bomba la hewa, na nyuma na mshipa uliopotea. Hauna pa kukimbilia. Baadhi ya wagonjwa wenye dalili huwa na muungano huo, na daktari wa upasuaji ataulizia tu.

---

NesiWaKamera

Naongezea upande wa OGD, kwa ufupi, ila tafadhali msomee anayefanya kipimo.

MSIKATE KIPANDE CHA KUPIMA KWENYE UVIMBE UNAODUNDA. Mshipa huu ukiubonyeza umio, kwenye kamera unaonekana kama kilima laini ukutani upande wa nyuma, kati ya sentimita 20 na 25 kutoka kwenye meno ya mbele. Utando juu yake ni mzima, hauna kidonda, na ukitulia bila kusukuma hewa nyingi utauona ukidunda. Mwenye haraka anaweza kudhani ni uvimbe wa chini ya utando akachukua koleo. Chini ya utando ule kuna ateri inayolisha mkono mzima.

Njia rahisi ya kuthibitisha: mtu mwingine ashike mapigo kwenye kifundo cha mkono wa kulia wakati ncha ya kamera inaegemea kile kilima kidogo tu. Mapigo yakififia na kurudi kamera ikiondolewa, umejua unachokiona. Yasipofifia bado haijakataa, kwa hiyo usiendelee kusukuma.

Pia kamera inaweza kupita sawia na usione chochote. Mirija ya siku hizi ni myembamba, na hewa tunayoingiza inautanua umio. OGD safi inaondoa shaka ya saratani na makovu. Shaka ya mshipa haiiondoi.

Mkiwa humo humo, chukueni vipande kutoka sehemu nzima, angalau sita, juu na chini, mbali na kile kilima. Kuna uvimbe wa umio wa kialeji unaokwamisha nyama vilevile, na utando wake unaweza kuonekana mzima. Maabara ndiyo itakayosema.

Maandalizi ni saa 6 bila chakula kigumu, lakini kwa mtu anayekwamwa mimi napendelea siku nzima ya kabla awe kwenye vimiminika tu. Na anayefanya asitanue kwa puto eti "tukiwa tumefika". Kutanua kunapasua kovu. Mshipa haupasuki kwa faida ya mtu.

---

TabibuWilaya

Nashukuru sana. OGD nimeiombea. Swali dogo kwa PichaZaKifua: kama amezaliwa nao, kwa nini amekaa miaka 51 anakula nyama bila tatizo?

Na kuna hili la nyumbani. Ndugu wanamwambia kitu kikikwama asukumie kwa tonge la ugali. Nimewakataza, wakaniuliza kwa nini, sikuwa na jibu zuri kuliko "ni hatari". Halafu mwenzangu hapa wodini alipendekeza mpira wa kulishia wa puani ili uzito urudi kabla ya rufaa. Mnaonaje?

---

PichaZaKifua

Mshipa ni ule ule. Vilivyobadilika ni vilivyouzunguka. Kijana ana umio laini unaokunjika na kusogea, na ateri laini inayobonyea tonge likipita. Miaka inavyokwenda, ateri inakakamaa, hasa penye presha ya juu. Aota inarefuka na kuuvuta mshipa uliotoka kwake, mzizi wa mshipa unatanuka, na misuli ya umio inasukuma kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana watu wazima wengi huanza kulalamika kwenye miaka ya arobaini na hamsini. Kwa huyu una presha 142 na mzizi wa milimita 19, vyote vinaingia kwenye hesabu. Na presha hiyo, mkono upi?

---

LisheHospitali

Naanza na mpira wa puani: hapana, na asiwekewe kwa wazo la "tuupe wiki mbili tatu". Mpira uko ndani ya umio, mshipa uko nyuma yake, na uti wa mgongo uko nyuma ya mshipa. Ukuta wa umio unabanwa katikati ya vitu viwili usiku na mchana hadi unaoza, na tundu linafunguka kati ya umio na ateri. Fistula hiyo inajulikana vizuri, na inamwaga damu kwa kasi ambayo hospitali ya wilaya haina jinsi ya kuikimbiza. Mirija migumu na minene ndiyo mibaya zaidi. Mgonjwa anayemeza vimiminika hana sababu ya kuwekewa mpira hata kidogo.

Tonge la kusukumia nalo lina sababu mbili. Tonge juu ya nyama iliyokwama linafanya kizuizi kiwe kirefu, mate hayapiti tena, na mtu anapaliwa. La pili ni samaki. Mwiba uliokwama usawa wa mshipa huu, ukisukumwa na tonge au ndizi, unachoma ukuta wa umio na kuelekea kwenye ateri. Mkumbuke mpangilio wa dalili: maumivu ya kifua baada ya mwiba, kisha damu kidogo inatapikwa na kukoma, kisha saa kadhaa au siku za ukimya ambapo mgonjwa anaonekana amepona, kisha mafuriko. Ile damu kidogo ya kwanza ndiyo nafasi yenu ya kutoa rufaa. Na eksirei safi haimaanishi mwiba haupo, maana miiba mingi ya samaki haionekani.

Kitu kikikwama: asimame, atulie, ateme mate badala ya kumeza, anywe funda dogo la maji ya uvuguvugu kama maji yanapita. Yasipopita, au mate yenyewe hayamezeki, hiyo ni dharura ya kamera, isisubiri siku ya kliniki.

Sasa chakula. Kwa hali hii umajimaji na utelezi ni muhimu kuliko kusaga kila kitu kama cha mtoto mchanga. Ugali usongwe laini na usiende mdomoni bila mchuzi. Mlenda ni rafiki mkubwa hapa, bamia pia. Mtori, ndizi za kupondwa na nazi, viazi vya kuponda, maharage yaliyochujwa maganda, mayai ya kuvuruga yakiwa bado na umaji, samaki wa mchuzi aliyechambuliwa miiba kwa mkono na si kwa ulimi. Nyama isagwe, au ikatwe vipande visivyozidi punje ya harage na ichemshwe hadi ichambuke. Vya kuacha kwa sasa: chapati, mkate mweupe mkavu, mihogo ya kuchoma, makande, nyama choma, maganda ya nyanya na embe zenye nyuzi.

Kilo tano katika 61 ni asilimia 8 ndani ya miezi mitano, kwa hiyo hesabu nguvu pia. Uzito wa 56 unahitaji kama kilokalori 1,700 hadi 1,900 kwa siku ili urudi taratibu, na protini gramu 60 hadi 70. Uji wa maji na sukari haufiki huko. Nusu lita ya uji uliopikwa kwa maziwa, ukitiwa vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga na kimoja cha mafuta, unakaribia kilokalori 700. Apate huo mara mbili kwa siku kati ya milo. Milo iwe midogo mitano au sita, kila mmoja dakika 30 bila mazungumzo mengi, kitako na mgongo wima, funda la maji kila baada ya matonge mawili. Apimwe uzito kila wiki kwenye mizani ile ile.

Vidonge mnavisahau kila siku. Doksisaiklini, vidonge vya chuma, vya potasiamu, aspirini na jamii ya diklofenaki vikilala juu ya mbonyeo vinauchoma utando, na hapo mgonjwa anapata kidonda juu ya tatizo. Hemoglobini yake ni 11.8, kuna mtu atamwandikia chuma hivi karibuni: kiwe cha maji.

---

UpasuajiMishipa

Nimesoma yote, nitajibu lile la upasuaji.

Si kila mwenye mshipa huu na dalili anapasuliwa. Baada ya shaka ya saratani kuondolewa na mkate wa bariamu kuthibitisha mahali, dalili zikiwa za wastani mpe wiki 6 hadi 8 za chakula kama alivyoeleza LisheHospitali, pamoja na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) miligramu 20 nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Asidi inaufanya umio uwe mkali na usukume vibaya, na baadhi ya wagonjwa wanatulia kwa hilo tu. Presha irekebishwe. Kama vimiminika navyo vinakwama au anatapika chakula cha jana, omba manometri (kipimo cha misukumo ya umio) kabla ya kunifikia, kwa sababu akalasia, yaani mlango wa chini wa umio kutolegea, inaweza kuwa ndiyo mwenye kosa.

Mgonjwa wa kupasua ni yule ambaye uzito unaendelea kushuka licha ya chakula kizuri, au anakwamwa hadi kuhitaji kamera, au mzizi wa mshipa umevimba. Mzizi huo uliotanuka unaitwa kifuko cha Kommerell, kwa jina la daktari wa Ujerumani aliyekieleza mwaka 1936. Vipimo tunavyotumia: mdomo wa kifuko ukizidi milimita 30, au kutoka ncha ya kifuko hadi ukuta wa pili wa aota ukizidi milimita 50, tunarekebisha hata kama mtu anakula vizuri, kwa hofu ya kupasuka. Wake ni 19. Kwa hiyo kifuko peke yake hakimpeleki mezani. Omba hicho kipimo cha pili, ripoti imekiacha.

Kifuko kikiwa kidogo, kazi inafanyika shingoni. Mkato wa sentimita 6 hivi juu ya mtulinga wa kulia. Tunatafuta ateri ya mkono, tunaifuata nyuma ya umio kwenda kushoto kadiri inavyofikika, tunaikata huko na kushona kisiki kwa mistari miwili. Kisha upande uliobaki na mkono unaunganishwa ubavuni mwa ateri ya shingo ya kulia. Upasuaji wa mwanzo kabisa, alioufanya Robert Gross huko Boston na kuuandika mwaka 1946, ulikata mshipa bila kuuunganisha tena. Mkono mara nyingi haufi, kwa sababu damu inapita njia za pembeni. Lakini kwa mtu mzima anayelima au kupiga pasi, mkono unachoka, na mbaya zaidi unaweza kunyonya damu kutoka kwenye ateri inayopanda ubongo wa nyuma, mtu akapata kizunguzungu kila akitumia mkono. Siku hizi kuunganisha ndiyo kawaida.

Panapoharibika: kukata mbali mno upande wa kulia, mtu akaacha kisiki kirefu nyuma ya umio. Kinaendelea kudunda, kinaweza kututumka miaka ijayo, na mgonjwa anarudi akisema bado anakwamwa. Panapoharibika tena: kubana ateri ya shingo bila kujua kwamba mbili zinatoka shina moja. Swali la PichaZaKifua linatoka hapo. Ukibana chini ya mgawanyiko umeunyima ubongo pande zote mbili, kwa hiyo kibano kikae juu ya mgawanyiko. Na neva ya sauti upande wa kulia: kwa kawaida inashuka, inazunguka ateri ya mkono na kupanda tena. Hapa haina cha kuzunguka, inatoka moja kwa moja shingoni kwenda kwenye kisanduku cha sauti. Asiyejua hilo anaikata akidhani ni uzi tu.

Kifuko kikubwa hakishikiki kutoka shingoni. Hapo ni kufungua kifua, au kuweka stenti (kibomba cha waya) iliyovikwa kitambaa ndani ya aota kuziba mdomo wa kifuko, baada ya kuhamishia ateri za mikono yote miwili kwenye ateri za shingo, maana stenti huziba na ya kushoto. Stenti haiondoi kitu nyuma ya umio. Inazima mdundo na kuzuia kupasuka, lakini wapo wanaobaki na msukumo.

Baada ya upasuaji: asinywe hadi amekohoa vizuri na sauti imesikika, kisha vimiminika, kisha vyakula laini kwa siku kadhaa. Presha ya mkono wa kulia ipimwe na kulinganishwa na kushoto. Majimaji ya mrija wa kidonda yakigeuka meupe baada ya kunywa maziwa, mfereji wa limfu umejeruhiwa. CT irudiwe kati ya miezi 6 na 12 kuangalia kisiki.

Rufaa iende penye timu ya kifua na mishipa ya damu na chumba cha uangalizi maalumu, mfano JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete) pale Muhimbili, Kenyatta kwa walioko Nairobi, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Mpeleke na picha zenyewe kwenye diski. Karatasi ya ripoti peke yake hainisaidii.

---

CO_Watoto

Samahani kuingilia. Kwa watoto mnatafuta nini? Huku tunapokea wachanga wenye mkoromo ambao kila mara wanaandikiwa nimonia.

---

UpasuajiMishipa

Kwa mchanga mshipa huu peke yake mara nyingi ni mpole. Wanaosumbua ni pete kamili zinazozunguka bomba la hewa na umio pamoja: upinde wa aota ulio mara mbili, au upinde wa kulia wenye ateri ya mkono wa kushoto iliyopotea na kamba inayofunga pete. Pia ateri ya pafu la kushoto inayopita kati ya bomba la hewa na umio. Dalili za hewa hutangulia zile za kumeza: mlio wakati wa kuvuta na kutoa pumzi pia, unaozidi akinyonya au akilia, na mtoto anayependa kulaza kichwa nyuma. Kukwamwa huonekana zaidi vigumu vinapoanza, kwenye miezi 6. "Nimonia" ya tatu yenye mlio usioisha katikati ni ya ekho (ultrasaundi ya moyo) na CT. Pete kamili yenye dalili inakatwa, haingojewi ikue.

---

Msomaji_wa_Kale

Kadokezo tu kwa aliyejiuliza jina "lusoria" linatoka wapi. David Bayford wa Uingereza aliuona mshipa huu mwaka 1761 kwenye mwili wa mwanamke aliyeteswa na kumeza kwa miaka mingi hadi njaa ikamuua. Akauita kwa Kilatini mchezo wa maumbile, na neno la mchezo ndilo lililobaki.

---

NesiWaKamera

Kabla uzi haujalala: hata kama hatapasuliwa, andikeni kwenye kadi yake kwa maneno yanayosomeka, "ateri ya mkono wa kulia inapita nyuma ya umio". Siku akihitaji upasuaji wa tezi la shingo, daktari ajue kuhusu neva ya sauti. Siku akihitaji mrija wa moyo, wapite mkono wa kushoto au paja, maana kutoka kifundo cha kulia mrija unakwenda kombo na kuangukia aota ya kushuka. Na siku akiwa mahututi, asiwekewe mpira wa puani wa wiki nzima.

---

TabibuWilaya

Nimempima tena, mikono yote, amekaa dakika tano. Kushoto 142/86, ile ya mwanzo nayo ilikuwa kushoto. Kulia 126/80. OGD ni Alhamisi, vimiminika tu kuanzia Jumatano asubuhi, na maandishi ya NesiWaKamera nimeyabandika mbele ya faili. Ndugu wameelewa habari ya tonge baada ya kuelezewa habari ya mwiba. Tofauti ya 16 niichukulie vipi?

---

UpasuajiMishipa

Rudia mara mbili, ukianza na kulia safari hii, kwa kuwa mkono unaopimwa kwanza huwa juu kidogo. Ikibaki 15 au zaidi, mshipa umebanwa au umeanza kuziba, niandikie kwenye rufaa. Na kuanzia sasa presha yake ifuatwe kwa mkono wa kushoto, la sivyo mtampunguzia dawa anayoihitaji.